Kulala ndani ya Jimny: boksi, bodi ya daraja na dumu la maji

Watu wakisikia nalala ndani ya Jimny swali ni lile lile, sasa miguu unaweka wapi? Miguu inakaa mbele, chini ya dashibodi upande wa abiria, kichwa kinakaa nyuma karibu na mlango wenye tairi la spea, na mi nina sentimita 176 na nalala nimenyooka kabisa. Sio hoteli lakini nalala mpaka jogoo anawika, na asubuhi shingo iko sawa.

Gari yenyewe ni ile Suzuki Jimny ya cc 1300, toleo lililotoka 1998 likaenda mpaka 2018 lilipobadilishwa. Ni kagari kadogo haswa, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 2 na robo tu. Kama una Terios Kid au Pajero Mini au RAV4 ya milango mitatu haya mambo yanakuhusu pia, utabadilisha vipimo tu, akili ni ile ile.

Sasa kabla hujaenda kununua mbao niseme kitu kimoja ambacho kila kitu kingine nitakachosema kinatoka hapo: kitanda kisikunyang'anye usukani. Siti ya dereva ibaki wazi usiku kucha, hakuna begi, hakuna ndoo, hakuna koti, na funguo uijue iko wapi gizani bila kupapasa. Nilijifunza hili kwa aibu. Safari yangu ya pili nilikuwa njia ya kwenda ziwa Natron, giza likanikuta, nikaona sehemu nzuri ya mchanga, tambarare, imejificha upepo, nikasema hapa hapa. Nilikuwa natumia nafasi yote ya nyuma kama kitanda kwa hiyo mizigo yote ilikuwa mbele, siti zote mbili zimejaa mpaka kwenye kioo. Kumbe ile "sehemu nzuri ya mchanga" ni korongo. Pale nilipolala nyota zilionekana vizuri tu lakini milimani huko kulikuwa kunanyesha, na kwenye saa nane usiku nikaanza kusikia sauti kama lori linakuja kwa mbali, haliishi kuja. Nilivyofungua mlango mguu ukaingia kwenye maji. Nilitupa nje begi la nguo, jiko, sufuria, viazi, kila kitu, ndo nikapata pa kukaa niwashe gari nipande ukingoni. Sufuria sikuiona tena. Tangu hapo nimekubali kulala peke yangu upande wa kushoto, na upande wa kulia ni wa dereva hata kama dereva amelala.

Kwa hiyo mkiwa wawili, mmoja anapiga hema nje. Najua kuna watu wanalala wawili kwenye hizi gari, na mi nilishajaribu na jamaa yangu mmoja, hatukuongea mpaka mchana.

Haya, njia yenyewe. Toa siti za nyuma. Kwenye yangu zimeshikwa na bolti za namba 14, kama hazijawahi kuguswa mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku mmoja kabla, usilazimishe ukakata kichwa cha bolti ukaanza kutafuta fundi wa kuchoma. Bolti zihifadhi kwenye kopo na uandike juu, maana utazihitaji sasa hivi. Ukishatoa siti safisha pale chini, utakuta pesa za kizamani na karanga, na angalia kutu kwenye kona, ukikuta piga msasa na upake rangi sasa hivi kwa sababu ukishaweka mbao hutapaona tena.

Siti ya abiria ya mbele usiitoe. Najua kuna wanaotoa, lakini pale chini kuna waya za mkanda na kwenye gari zingine za eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, ukichezea taa inawaka kwenye dashibodi haizimi, na pia siku ukimpa mtu lifti akae wapi. Unachofanya ni hivi: chomoa kile cha kulalia kichwa, isogeze siti mbele kadri inavyoenda, halafu laza mgongo wake nyuma mpaka mwisho. Mgongo wa siti unakuwa kama meza iliyoinama kidogo. Kutoka pale mgongo unapoishia mpaka kwenye mlango wa nyuma, hapo ndo panakaa boksi, yaani fremu ya mbao yenye plaiwudi juu, ndo sehemu ya nyuma ya kitanda.

Sasa pima, na pima siti ikiwa imelazwa hivyo hivyo, sio ikiwa imesimama. Mi mara ya kwanza nilipima siti ikiwa wima, fundi akakata, tukaenda kuweka boksi ikawa ndefu sana, siti hailali. Bodi nzima ikaenda kuwa rafu ya viatu nyumbani. Pima urefu sehemu mbili, chini sakafuni na juu usawa wa godoro, kwa sababu mlango wa nyuma haujanyooka. Pima upana kati ya vile vitumbo vya matairi, halafu upana juu yake. Halafu chukua maboksi ya dukani, yale ya sabuni au ya biskuti, kata umbo zima la kitanda, liweke ndani ya gari na ulale juu yake. Kweli lala, funga na mlango. Kama boksi la biskuti halikutoshi plaiwudi haitakutosha.

Kimo cha boksi ni usawa wa mgongo wa siti uliolazwa, kwangu imekuja sentimita 28. Usishawishike kunyanyua zaidi ili upate droo kubwa chini, kila sentimita unayoongeza chini unaiondoa juu ya kichwa, na kwenye Jimny hata hivyo huwezi kukaa wima kitandani, unakaa umeinamisha shingo kama uko kwenye treni ya watoto.

Mbao: fremu nimetumia mbili kwa mbili ya paina, juu plaiwudi ya milimita 12. Wengi wanakimbilia milimita 18 wakidhani ndo imara, haina haja, ukiweka ubao wa kushikilia kila baada ya sentimita 40 ile 12 haipindi, na gari ya cc 1300 inajua kila kilo uliyoiwekea ukifika mlimani. Bodi nzima ya futi 8 kwa 4 ya milimita 12 ni kama kilo 20 na wewe hutumii hata yote. Mninga ni mzuri lakini acha wa vitanda vya nyumbani, mzito mno. Muuzaji atakuambia chukua plaiwudi ya marine, sawa inavumilia maji, ila uso wake unateleza na godoro litakuwa linasafiri, kwa hiyo ukichukua hiyo bandika kapeti juu.

Unganisha kwa skrubu na gundi ya mbao, sio misumari. Misumari kwenye barabara ya rafu inaanza kulia siku ya pili, nyii nyii nyii, na siku ya tatu inatoka.

Hapa kuna sehemu naomba usome polepole. Boksi lazima lifungwe kwenye gari, maana ukifunga breki ghafla kitu kisichofungwa kinakuja na wewe. Lakini usitoboe sakafu kwa drili hovyo. Chini ya hapo nyuma kuna tenki la mafuta na mabomba yake na ya breki, drili ikipita tu umekwisha. Ndo maana nilisema zile bolti uzihifadhi: yale matundu ya bolti za siti tayari yana nati zake zilizochomelewa kwenye bodi ya gari. Nunua vipande vya chuma bapa, fundi wa kuchoma akukunjie umbo la L, tundu moja linaingia bolti ya siti, matundu mawili yanaingia skrubu kwenye fremu. Vipande vinne vinatosha. Siku ukitaka kurudisha siti, unafungua bolti nne boksi linatoka zima zima, gari haijatobolewa popote.

Upande wa kulia wa boksi, nyuma ya dereva, sijaweka plaiwudi ya moja kwa moja, nimeweka mfuniko wenye bawaba. Chini yake ndo kuna jeki, spana ya tairi, kizima moto, triangle na kamba ya kuvutia. Nimeweka huko kwa sababu upande huo halali mtu. Pancha haisubiri utandue kitanda, na trafiki akikuuliza kizima moto hapendi kusubiri ushushe godoro barabarani. Upande wa kushoto chini ya kichwa changu ni chakula kikavu na nguo, inaingilika kutoka mlango wa nyuma.

Halafu bodi ya daraja. Hiki ni kipande cha plaiwudi kilichobaki, kwangu sentimita 58 kwa 105, kona zimezungushwa na jigiso na kupigwa msasa. Usiku kinalala juu ya siti ya abiria iliyolazwa, nyuma kinakaa kwenye ubao mwembamba uliofungwa mbele ya boksi, mbele kinakaa juu ya kikalio cha siti. Kazi yake ni kuua lile shimo kati ya kikalio na mgongo, ambalo ndo linavunja watu viuno. Wengine wanajaza shimo kwa mablanketi, inaenda usiku mmoja, usiku wa pili blanketi limeshuka na wewe umekunjika kama sambusa. Mchana bodi ya daraja inateleza juu ya boksi inafungwa na mkanda, siti inarudi wima.

Ila kuna kasoro: ukishatoa siti ya nyuma, mgongo wa siti ya abiria ukiulaza unaning'inia hewani, na uzito wako wote unaenda kwenye kile kichuma cha kulazia siti, ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nilifikiria miguu ya kukunja, nikachora, nikamuonyesha fundi, akaangalia akasema we si unabeba maji? Akachukua dumu la lita 10 akaliweka chini ya mgongo wa siti, likakaa kama limepimwa, juu akaongeza kipande cha godoro kuziba mwanya. Mpaka leo ndo mguu wa kitanda changu. Lijae tu na lifungwe vizuri, na maji ya kunywa ya usiku yatoke kwenye chupa nyingine, usije ukanywa mguu wa kitanda.

Godoro: inchi 3 za foamu ngumu. Sio inchi 6 za nyumbani, utagusa paa. Nilienda kwa mafundi makochi, wao wana vipande na wana kisu cha kukatia, nikawapa lile boksi la biskuti kama patani wakakata umbo lile lile, vipande vitatu, kila kimoja na foronya yake ya kitambaa kigumu cha siti. Vipande ni muhimu, mchana vinapangwa juu ya boksi kama vitabu. Godoro la upepo nilikuwa nalo, kwenye joto sawa, lakini ukipanda baridi hewa ya ndani inapoa na mgongo unajua. Kila mita 1000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, kwa hiyo ukitoka Dar umevaa vesti ukaenda kulala Kitulo au ukingo wa Ngorongoro usishangae meno yakigongana. Blanketi moja la chini, moja la juu, soksi na kofia. Chini ndo watu wanasahau, baridi ya gari inatoka kwenye bati chini yako.

Hewa sasa. Hii imewashinda wengi, wanafunga vioo vyote kwa kuogopa mbu na wezi, asubuhi vioo vinatiririka maji na godoro limelowa, wanasema gari inavuja. Haivuji, ni pumzi yako, mtu mmoja usiku mzima anapumua maji karibu glasi nzima. Kwenye Jimny vioo vya nyuma ubavuni havifunguki, kwa hiyo hewa yako yote iko kwenye vioo vya milango miwili ya mbele. Fungua vyote viwili, vidole vitatu kila upande, kimoja tu hakitoshi kwa sababu upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Kwa mbu nimeshona soksi: kipande cha chandarua kimekunjwa kushonwa pande mbili kama mfuko, unafungua mlango, unaivalisha fremu ya kioo kutoka juu, unafunga mlango, unashusha kioo kwa ndani. Fundi cherehani alinishonea zote mbili nikisubiri. Tumia chandarua chakavu jamani, sio kile cha mtoto. Na weka zile plastiki za kuzuia mvua juu ya vioo, mvua ikinyesha huhitaji kufunga.

Wakati tuko kwenye hewa: injini inazimwa. Usilale gari inanguruma eti upate hita au AC, moshi wa ekzosti hauonekani wala haunuki kwa kiwango cha kukuamsha. Na jiko la mkaa, hata lile lililobaki na makaa mawili ya kufa kufa, halikanyagi ndani ya gari, hata kwa dakika tano za kupasha miguu. Baridi ikizidi jaza maji ya moto kwenye chupa ya chuma, ivalishe soksi, iweke miguuni. Inakaa na joto mpaka alfajiri karibu.

Kuziba mwanga kwenye vioo nimetumia ile foili ya fedha yenye povu wanayoweka chini ya bati la nyumba, nimekata kila kioo kwa kipimo chake nikizidisha sentimita moja ili ijibane yenyewe. Nimeandika kwa maka nyuma ya kila kimoja "kushoto", "nyuma", maana gizani vyote vinafanana. Nyuma ya siti za mbele kuna kamba na kipande cha kitenge, mtu akichungulia na tochi anaona maua.

Taa ni ya kuchaji, ndogo, imening'inizwa. Usitumie taa ya gari wala redio usiku mzima, betri ya Jimny ni ndogo na porini hakuna wa kukusukuma. Simu inachajiwa mchana ukitembea.

Kuegesha kuna ufundi wake. Kichwa kikae juu kuliko miguu, hata kidogo, na kwa kuwa kichwa changu kiko nyuma basi pua ya gari inaangalia mteremko. Hii ina faida nyingine, ukitaka kuondoka unaondoka unateremka. Kujua usawa wa kushoto na kulia laza chupa ya maji ya nusu lita juu ya bodi, ikibiringika, sogeza gari au weka tairi moja juu ya jiwe bapa. Mi huwa nafanya hivi kabla sijashusha kitu chochote, kwa sababu ukishapika huna nguvu ya kusogeza tena. Korongo hapana, hata likiwa kavu mwaka mzima. Chini ya mnazi hapana. Mlango wa nyuma wa yangu hauna kitasa cha ndani, kwa hiyo usiegeshe mlango wa abiria umebanana na mti, huko ndo unatokea, miguu kwanza.

Na wapi pa kulala: kwenye hifadhi unalala kambi walizoruhusu na unalipia, sio popote macho yanapopenda. Vijijini pita kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji umsalimie, useme wewe ni nani na utaondoka saa ngapi. Inachukua nusu saa na kikombe cha chai lakini ukishafanya hivyo hakuna sungusungu atakayekugongea kioo saa saba, na mara nyingi wanakuonyesha uwanja wa shule au misheni pazuri kuliko ulipopaona wewe. Viatu viingie ndani. Nilikuwa nadhani ni hadithi za madereva wa safari kwamba fisi anachukua viatu, mpaka niliporudi nyumbani na ndala moja.

Jumla kwangu, na kazi ya fundi, ilikula kama laki mbili na nusu, kubwa ilikuwa godoro. Kabla hujaenda popote lala uani kwako usiku mmoja. Mi nililala uani, mlinzi wa jirani akadhani nimefukuzwa na mke, akaniletea chai asubuhi bila kuuliza chochote. Lakini usiku ule ndo niligundua kwamba skrubu moja ilikuwa imetokeza usawa wa bega, kwamba soksi ya mbu ya kulia ni fupi, na kwamba nikitaka kukojoa saa tisa inanichukua dakika tatu kutoka. Sasa hivi ni kama sekunde ishirini, kwa sababu nimehamisha kamba ya kitenge ikawa nyuma ya goti badala ya mbele.